Ruiru, Mji wa Mto Mweusi

Msomaji, ukitoka Nairobi ukaifuata barabara kuu iendayo Thika, baada ya mwendo wa kilomita 20 na kitu utavuka mto. Yamkini hutauona, maana barabara ni pana, magari ni mengi, na utingo wa matatu ana kelele zake. Mto huo ndio Ruiru. Kwa lugha ya Wakikuyu jina hilo lataja weusi. Ni mto wa maji ya giza, ushukao kutoka misitu ya juu na kupita kati ya migongo ya ardhi nyekundu. Kando yake umekaa mji uliochukua jina la mto, na Gitothua ni mojawapo ya wadi zake.

Nikuulize swali la darasani. Mji wa nne kwa wingi wa watu katika Kenya ni upi? Nairobi, Mombasa na Nakuru hazina shaka. Kisha wengi watataja Eldoret au Kisumu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 yasema vingine: Ruiru ilikuwa na watu 490,120, Eldoret 475,716 na Kisumu 397,957. Thika yenyewe, jirani mkubwa mwenye sifa na viwanda, ilikuwa na watu 251,407 tu. Mji huu uliopitwa na magari bila kutazamwa umewapita wakubwa wake, na jambo hilo halikuandikwa sana wala kuimbwa. Yafaa tujue lilivyotokea.

Kabla ya mji palikuwa na mpaka. Upande wa magharibi huanza migongo na mabonde ya Kiambu, yenye mvua na udongo mwekundu, ambako koo za Wakikuyu zilikata msitu na kulima. Upande wa mashariki hufunguka nyanda kavu za nyasi, malisho ya Wamasai, na mbele yake nchi ya Wakamba. Mahali penye mpaka wa namna hiyo hapakosi ugomvi, wala hapakosi soko. Nafaka, viazi vitamu na vyungu vilitoka milimani. Ngozi na mifugo vilitoka nyikani. Hata wakati wa vita wanawake waliweza kupita na mizigo yao kwenda kubadilishana bidhaa, kwa kuwa pande zote mbili zilijua kwamba njaa haina kabila.

Ikaja miaka mibaya. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, kisha karibu na mwaka 1898 ukaja ukame, njaa na ndui. Watu wa Kiambu ya kusini walikufa kwa wingi, na wengi waliosalia walirudi kwa jamaa zao Murang'a wangoje mambo yatulie. Wakati huohuo reli kutoka Mombasa ilikuwa ikikaribia. Wazungu walipofika waliona mashamba yaliyoota magugu na nyumba zisizo na moshi, wakaandika kwamba nchi haina mwenyewe. Msomaji, shika jambo hili vizuri, maana katika historia ya nchi zetu ni moja ya makosa yaliyozaa machungu marefu: mtu aliyeondoka nyumbani kwa sababu ya njaa alirudi akakuta amekuwa mgeni. Sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915 zilitia muhuri jambo hilo, na ile ya pili ikaruhusu walowezi wakodishe mashamba kwa miaka 999. Tume ya ardhi iliyoketi mwaka 1932 hadi 1934 ilisikiliza wazee wakitaja mito na miti ya mipaka yao, lakini ardhi kubwa ilibaki mikononi mwa walioichukua.

Walowezi walipanda nini? Upande mkavu wa Thika na Makuyu walipanda katani. Upande wa Ruiru na Kiambu walipanda kahawa, na hapa napenda tusimame kidogo, kwa sababu mti huu umesafiri kuliko watu wengi.

Kahawa asili yake ni Uhabeshi, jirani yetu wa kaskazini. Ilivuka bahari ikalimwa katika milima ya Yemen, na Yemen ilipoingia chini ya utawala wa Waturuki, kinywaji hicho kikapanda hadi Istanbul. Huko, katikati ya karne ya 16, nyumba za kunywea kahawa zilifunguliwa. Watu walikaa humo wakizungumza, wakicheza bao na kusikiliza hadithi, na watawala mara kwa mara wakaziogopa nyumba hizo na kuzifunga, kwa kuwa mtu aliyekesha akinywa kahawa huanza kuhoji mambo. Kutoka kwa Waturuki Ulaya ikajifunza kunywa. Katika karne ya 18 Wafaransa walichukua miche ya Yemen wakaipanda katika kisiwa cha Bourbon, kiitwacho leo Réunion. Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuja Unguja kutoka kisiwa hicho mwaka 1863, wakajenga Bagamoyo mwaka 1868, na miaka ya 1890 kahawa ya mapadri ikapandwa Bura katika nchi ya Taita, kisha karibu na Nairobi. Kutoka hapo ndipo mashamba ya Kiambu yalipopata mbegu. Hivyo mti uliozaliwa Uhabeshi ulizunguka Yemen na Bourbon kabla ya kufika Ruiru, safari ya karne kadha kwenda mahali pasipo mbali na kwao.

Reli ya Thika ilifunguliwa mwaka 1913, ikiwa na kituo Ruiru, na baadaye ilisukumwa mbele hata ikafika Nanyuki mwaka 1930. Maporomoko ya mto Ruiru yalikuwa yamekwisha kutiwa mitambo, na umeme wake ukapelekwa kuwasha taa za Nairobi. Angalia desturi iliyoanza hapo: Ruiru hutoa, Nairobi hutumia. Katikati ya karne ya 20 mto huohuo ulizuiwa kwa bwawa ili Nairobi ipate maji, na mwaka 1994 bwawa kubwa zaidi la Ndakaini lilikamilika juu ya mto Thika, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70, na maji yake nayo husafiri kwa bomba kwenda mji mkuu. Mama wa Ruiru abebaye mtungi wa plastiki wa lita 20 ana haki ya kucheka kidogo, au kukasirika.

Maisha ya mashambani yalikuwa na sheria zake. Mchumaji, ambaye aghalabu alikuwa mwanamke au mtoto, alilipwa kwa debe, na debe halikuhesabiwa mpaka lifurike. Wanaume walibeba kipande shingoni tangu karibu na mwaka 1920. Mwaka 1921 bei za mazao zilipoanguka, waajiri waliafikiana kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Harry Thuku, kijana wa Kiambu, alisimama kuyapinga mambo hayo; alikamatwa mwezi wa Machi mwaka 1922, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi, watu wengi wakafa. Na jambo moja lilizidi kuuma: Mwafrika aliruhusiwa kupalilia kahawa, kuichuma na kuibeba, lakini kuipanda kwake mwenyewe hakuruhusiwa. Ruhusa ndogo ilitolewa Kisii, Embu na Meru katika miaka ya 1930. Kiambu ilingoja mpaka miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ilipotambua kwamba mtu asiye na zao hana cha kupoteza.

Mwaka 1959 Elspeth Huxley alichapisha kitabu mashuhuri juu ya utoto wake katika shamba la Thika kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Kisome ukikipata, kimeandikwa vizuri. Lakini kila ufikapo penye habari za kahawa ikipandwa, jiulize ni nani aliyechimba mashimo.

Katika mistari ya nyumba za vibarua walikutana Wakikuyu, Wakamba, Waluo, Waluhya na wengine, na ilibidi wapate lugha. Kiswahili kilichosemwa humo hakikuwa kile cha Lamu. Mlowezi alikivunja kwa amri zake, mnyapara akakivunja kwa njia yake, na mwenye duka wa Kihindi kwa yake. Walimu wa lugha hukicheka Kiswahili cha namna hiyo. Mimi sikicheki, kwa kuwa ndicho kilichomwezesha mtu wa Nyanza kuazima chumvi kwa mtu wa Machakos.

Sasa nikueleze habari ambayo kwayo jina la Ruiru lajulikana kwa wakulima wa nchi nyingi. Mwaka 1922 uligunduliwa Kenya ugonjwa wa kahawa usababishwao na kuvu, ambao huozesha tunda lingali bichi. Katika miaka ya 1960 mvua zilipozidi, ugonjwa huo uliangamiza mavuno kiasi cha kutisha, na dawa za kunyunyizia zilimaliza fedha za mkulima mdogo. Katika shamba la Jacaranda, karibu na Ruiru, kulikuwa na kituo cha utafiti wa kahawa. Mwaka 1971 wataalamu wa hapo walianza kazi ya kuoanisha aina mbalimbali za kahawa ili wapate mti ushindao ugonjwa bila kupoteza ladha. Kazi hiyo haina haraka. Unapandisha leo, unangoja mti ukue, uchanue, uzae. Unaonja, unatupa, unaanza tena. Mwaka 1985, baada ya miaka 14, waliitoa Ruiru 11. Ni mti mfupi, unaostahimili ugonjwa ule pamoja na kutu ya majani. Na kwa ufupi wake hekta moja huchukua miti 2,500, hali ile ya zamani ilichukua kama 1,300 tu. Wako wasemao kwamba kikombe chake hakifikii kile cha aina za zamani. Huenda ni kweli. Lakini mkulima ambaye tunda lake limeoza mtini hana kikombe cha kulinganisha.

Basi ingedhaniwa kwamba baada ya ushindi huo kahawa ingetawala Ruiru milele. Haikuwa hivyo. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliogawa masoko ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka. Kenya, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1980 ilivuna tani zaidi ya 120,000 kwa msimu mmoja, ikashuka hata chini ya tani 50,000. Wakati huohuo Nairobi ilikuwa imejaa. Tangu uhuru, makampuni na vyama vya watu wa kawaida vilikuwa vikichangishana fedha na kununua mashamba ya walowezi. Yaligawanywa, yakagawanywa tena. Mwenye shamba alipiga hesabu iliyo rahisi: ekari moja ya kahawa yatoa kitu kidogo kila mwaka, ikiwa mvua itanyesha na chama kitalipa, ekari hiyohiyo ikikatwa viwanja yatoa fedha nyingi kwa siku moja. Shoka likafanya kazi.

Mwezi wa Novemba mwaka 2012 barabara kuu ya Thika, yenye njia hata nane mahali pengine, ilifunguliwa. Safari iliyokula asubuhi nzima ikawa fupi, na mfanyakazi wa Nairobi akaona kwamba aweza kulala Ruiru. Mwaka 2009 mji ulikuwa na watu wapatao 240,000; miaka kumi baadaye walikuwa wamezidi maradufu. Jaribu kuifikiri hesabu hiyo: kwa kila mtu uliyemkuta, mwingine amekuja na godoro lake. Maghorofa ya kupangisha yakasimama palipokuwa na mibuni, na mitaro ya maji machafu ikabaki nyuma, kwa sababu nyumba hujengwa na mtu mmoja kwa miezi michache, bali mtaro wahitaji watu wote na miaka. Viwanda vimekuja pia, vya maziwa, vya chuma na vya mablanketi; na chini ya mji, penye mashamba makubwa ya kahawa, unajengwa mji mpya wa kupangwa uitwao Tatu. Mtaa mmoja waitwa Kahawa Sukari. Ukitafuta mbuni huko utachoka.

Je, Ruiru ni jiji? Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 ilitaka jiji liwe na watu 500,000. Mwaka 2019 kiwango hicho kilishushwa hadi 250,000. Nakuru ilipewa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na Eldoret tarehe 15 Agosti 2024. Ruiru, yenye watu wengi kuliko Eldoret, haikuwamo katika orodha. Sababu haziko mbali. Jiji latakiwa kuwa na hospitali, mitaro, maji, zimamoto, na mahali pa kutupa taka. Tena latakiwa kuwa na watu wanaosema ni wa hapo. Mkazi wa Ruiru ukimwuliza kwao, atakutajia Nyeri, Kitui au Vihiga. Huko ndiko azikako wafu wake, na huko ndiko aendako Krismasi. Watoto wake, hata hivyo, wamezaliwa hapa, na hawana mlima mwingine wa kuutaja. Ikiwa wewe usomaye ni mmoja wao, swali hili litakufuata.

Pale Jacaranda kazi yaendelea. Mbegu halisi ya Ruiru 11 haiokotwi tu chini ya mti. Hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono. Kabla ua halijafunguka mfanyakazi huliondolea sehemu zake za kiume, kisha huletea chavua ya mti mwingine aliyemchagua, ua baada ya ua, tawi baada ya tawi. Miche itokayo hapo hupelekwa Kirinyaga, Kisii, Bungoma na kwingineko ambako ardhi ingali yalimwa. Mkulima wa huko, ambaye pengine hajapata kuuvuka mto wetu, hushika jembe asubuhi na kumwambia mwanawe, "Twende tukapalilie Ruiru."