Nani Avishwe Nishani ya Jiko?

Tukuyu ni mji wa mvua na baridi. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, na jikoni moto huwashwa kupika na pia kuota. Lakini juu ya mafiga matatu, sehemu kubwa ya joto hupita pembeni mwa chungu na kupotelea hewani. Mama amebeba mzigo wa kuni kutoka mbali, na sehemu ndogo tu ya mzigo huo ndiyo iliyoivisha maharage.

Siku hizi tunasikia viongozi wakipongezwa kwa kuhimiza matumizi bora ya nishati. Ni jambo jema. Lakini tukiulizwa ni nani hasa walioifundisha Afrika Mashariki kubana moto usipotee, tutawataja akina nani? Tuiulize historia.

Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda kutoka kama dola 3 kwa pipa hadi kukaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilifunga mkaja. Wazee wanakumbuka kwamba magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Ulikuwa uongozi wa kubana matumizi, tena bila woga. Hata hivyo, amri hiyo iliwagusa wachache wenye magari. Karibu sehemu 9 kati ya 10 za nishati iliyotumika nchini zilikuwa kuni na mkaa, na huko hakuna amri iliyofika.

Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mjini Nairobi kuhusu nishati mpya na jadidifu. Katika miaka iliyofuata, wataalamu wa Kenya, akiwamo Maxwell Kinyanjui, walishirikiana na mafundi wa bati kutengeneza jiko jipya la mkaa. Wazo la kuweka udongo wa kuchomwa ndani ya jiko lilitoka Thailand. Majiko ya kwanza yalikuwa na kasoro, udongo ukipasuka. Vikundi vya akina mama viliyatumia, vikayakosoa, na mafundi wakarudi karakanani. Hatimaye likapatikana jiko lenye kiuno chembamba tunalolijua leo, ambalo huokoa theluthi moja ya mkaa au zaidi.

Hapa nchini, CAMARTEC iliundwa Arusha mwaka 1981, ikawa mstari wa mbele katika biogesi itokanayo na samadi, jambo linalowafaa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kama wa Rungwe. Mwaka 1990 likazaliwa shirika la TaTEDO, lililoeneza majiko sanifu.

Moyo wa jiko hilo ni udongo unaovumilia moto, na hapo Nyanda za Juu Kusini si wageni. Kule Ikombe, jirani na Matema, wanawake wa Kikisi wamefinyanga vyungu kwa mikono vizazi na vizazi. Vyungu hivyo huvushwa kwa mitumbwi hadi sokoni, kisha hupanda hadi Tukuyu na Mbeya. Ni elimu kubwa isiyo na cheti.

Mwaka 2003 watafiti walimgundua kipunji katika msitu wa Mlima Rungwe, tumbili ambaye sayansi haikuwa ikimjua. Msitu huohuo hulisha mito inayoteremka Ziwa Nyasa. Kila mzigo wa kuni usiohitajika ni mti unaobaki umesimama.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mwezi huohuo alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris juu ya suala hilo. Kulifikisha jiko la mama kwenye meza ya wakubwa ni kazi inayostahili sifa. Lakini wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. La pili ni fundi, la tatu ni mama aliyelijaribu jiko na kusema wazi kwamba halifai.

Basi nina pendekezo. Katika maonyesho ya Nane Nane, pale viwanja vya John Mwakangale, mafundi wapewe kuni za uzito mmoja, vyungu sawa na maji sawa. Atakayechemsha kwa kuni chache kuliko wote avishwe nishani mbele ya umma. Mashindano hayo yatamlinda pia mnunuzi, kwani sokoni yapo majiko yaliyopakwa rangi ya kupendeza huku udongo wake ukimeguka mapema. Hotuba haipimiki kwa mizani, bali kuni hupimika.