Kamera za Mbao na Kumbukumbu za Shule



Ukiitazama picha ya zamani ya shule, yenye wanafunzi mia na zaidi waliopangwa kwa safu, utaweza kumtambua kila mmoja kwa uso wake. Sababu ni ukubwa wa bamba lililopigiwa picha hiyo. Mimi hukusanya na kutengeneza kamera za aina hiyo, nami nimeombwa nieleze habari zake kwa ufupi.

Ufundi wa Daguerre ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alieleza njia ya kioo kilichopakwa kolodioni. Kioo hicho kilipaswa kupakwa, kupigiwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka. Kwa hiyo mpiga picha alisafiri na hema la giza na chupa za dawa. Hata hivyo kamera zilifika kwetu mapema. Daktari John Kirk alipiga picha katika safari ya Livingstone ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858, na James Grant alipiga Unguja mwaka 1860. Bamba kavu la Richard Maddox, la mwaka 1871, ndilo lililofungua njia ya kuondoa taabu hiyo.

Kamera yenyewe ni sanduku la mbao, lenzi mbele, kioo chenye ukungu nyuma, na mfuko wa mikunjo katikati. Kiooni mtu huonekana kichwa chini, miguu juu. Ugonjwa wake mkubwa ni matundu ya mfuko. Usiku huingiza taa ndani, nikaona kila tundu linavyong'aa, kisha huliziba kwa kitambaa cheusi na gundi. Filamu bapa hutengenezwa hata leo, na kamera hizi bado hupiga.

Kamera hutengenezeka; picha iliyopotea hairudi. Nimeona mabamba yakikwanguliwa ili yawe vioo vya fremu, na darasa zima likafutika. Mwenye mabamba nyumbani ayasimamishe kwa ukingo, kila moja katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu. Filamu za nitrati hushika moto upesi, basi zitengwe. Za asetati zikinuka siki zimeanza kuharibika, zinakiliwe haraka.

Kisha zileteni shuleni pamoja na majina ya waliomo. Wazee wanaowajua waliosimama safu ya nyuma wanapungua kila mwaka. Vijana, siku ya mkutano wetu kaeni nao, mkaandike majina hayo.