Redio Zilizobaki Japani

Gari la mtumba kutoka Japani likishushwa Mombasa au Dar es Salaam, halipati tabu kuzoea. Usukani uko kulia, upande wa barabara ni uleule, mafundi wa injini yake wapo kila mtaa. Kinachogoma kuhama ni mtambo wa redio na ramani ulio katikati ya dashibodi. Wengi huamini kasoro yake ni maandishi ya Kijapani, ndiyo maana humwendea fundi wakitaka awawekee ya Kiingereza. Historia ya mtambo huo inaonyesha vingine. Lugha ni sehemu ndogo ya shida. Mtambo ulijengwa juu ya masafa, ramani na anwani za nchi moja tu, na fundi anayeung'oa anamalizia kazi ambayo kiwanda hakikukusudia kuifanya.

Tuanze na masafa. Japani ilitenga FM yake kati ya megahezi 76 na 90, kwa kuwa nafasi ya juu yake, hadi 108, ilishikwa na chaneli za kwanza za televisheni ya analojia. Kwetu FM ni kuanzia 87.5 hadi 108. Tofauti hiyo haikuwasumbua watu sana enzi za redio ya taifa peke yake, iliyosikika zaidi kwa masafa ya kati na mafupi. Miaka ya 1990 magari ya mitumba yakaingia kwa wingi, na wakati huohuo redio za binafsi zikaruhusiwa: Capital FM ya Kampala mwaka 1993, Radio One ya Dar es Salaam 1994, Capital FM ya Nairobi 1996. Mwenye gari akajikuta na redio nzima, yenye sauti safi, isiyofika kule mji ulikohamia kusikiliza. Dawa ya kwanza ikawa ekspanda, kiboksi kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio ili kuteremsha masafa. Kikiteremsha kwa megahezi 18, stesheni ya 98.4 hupatikana kwenye 80.4, na ya 106.7 kwenye 88.7. Ila ya 92.9 huangukia 74.9, chini ya pale redio inapoanzia, ikapotea. Bendi ya redio hizo za Japani ina upana wa megahezi 14, yetu 20.5, hakuna kiboksi cha aina hiyo kinachoweza kuimeza yote kwa mara moja. Baada ya kuzima televisheni ya analojia, sehemu kubwa ya nchi Julai 2011, Japani ilisogeza FM yake hadi 95. Bado si 108.

Upande wa ramani, Japani ilitangulia kwa sababu zake yenyewe. Mitaa yake mingi haina majina; nyumba huhesabiwa kwa vitalu, na mara nyingi namba zilifuata mpangilio wa ujenzi, si wa barabara. Honda ilitoa kifaa cha ramani ndani ya gari mwaka 1981, kabla setilaiti hazijatumika kwa kazi hiyo: dereva alipachika karatasi angavu ya ramani juu ya skrini, na kifaa kikakadiria gari lilipo. Mwaka 1990 Mazda ikauza Eunos Cosmo yenye mfumo wa setilaiti ndani yake. Vizazi vilivyofuata vilimwezesha dereva kutafuta mahali kwa kuandika namba ya simu ya duka. Ni ustadi wa kusifiwa, lakini duka hilo lazima liwe Japani. Mitambo mingine ya Toyota, betri ikichomolewa tu, hudai kadi yake ya ramani kabla ya kuwaka tena; kadi isipokuwapo, redio nayo haifanyi kazi.

Wapo wanaosema inatosha kutafsiri menyu. Haitoshi: menyu ya Kiingereza iliyo juu ya redio inayokomea 90 haimletei dereva hata stesheni moja zaidi. Wengine husema simu imemaliza hoja. Kwa njia na foleni, ni kweli, simu inashinda. Lakini simu haionyeshi kamera ya nyuma ya gari, na msikilizaji wa taarifa ya habari barabarani hapaswi kulipia data kwa kitu kinachopita hewani bure.

Pingamizi lenye uzito dhidi ya kubadilisha mtambo ni la waya. Kazi mbovu huua vitufe vya usukani na kamera, na kiungo kilichofungwa kwa tepu kinaweza kupata joto na kuwaka. Hilo ni kosa la namna kazi inavyofanywa. Haja yenyewe iko palepale. Soketi za kugeuza zipo, na fremu za kuziba pengo pia, maana redio nyingi za Toyota zina upana wa milimita 200 ilhali kipimo cha kawaida ni 180. Unaponunua gari, ingiza gharama ya mtambo mpya kwenye bajeti tangu mwanzo, na umtake fundi aunge kwa soketi. Akishika koleo kukata waya za kiwandani, chukua funguo zako umtafute mwingine.