Intel na funzo la nondo

Mwezi Februari mwaka 1997, kampuni ya Compaq ya Marekani iliingiza sokoni kompyuta ya nyumbani, Presario 2100, kwa dola 999 bila skrini. Prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, haikutoka Intel, kampuni iliyotawala biashara hiyo, bali Cyrix, kampuni ndogo ya jimbo la Texas.

Intel ilikuwa imeelekeza macho kwenye Pentium II, iliyozinduliwa Mei mwaka huo. Faida ilikuwa kwenye bidhaa ghali, na wanunuzi wa kipato kidogo wakaachiwa Cyrix na AMD.

Mkuu wa Intel, Andy Grove, alishtushwa na maelezo ya Profesa Clayton Christensen wa Chuo Kikuu cha Harvard. Msomi huyo alieleza jinsi viwanda vikubwa vya chuma vya Marekani vilivyowaachia wenye viwanda vidogo, wayeyushao chuma chakavu, kazi ya kutengeneza nondo, kwa kuwa faida yake ilikuwa haba. Viwanda hivyo vidogo vilipanda ngazi moja baada ya nyingine, hadi vikaingia katika soko la chuma cha bei ya juu. Grove alitambua kuwa kompyuta za bei nafuu ndizo nondo za Intel.

Jibu lilikuja Aprili 1998: prosesa ya Celeron. Toleo la kwanza lilibezwa, kwani ili kupunguza gharama iliondolewa sehemu ya kumbukumbu iliyoharakisha kazi. Agosti, Intel ilitoa Celeron 300A, yenye kilobaiti 128 za kumbukumbu hiyo ndani ya chipu yenyewe. Kasi yake ilikaribia ile ya Pentium II.

Hata hivyo, funzo hilo halikudumu. Septemba 2018, uwezo wa viwanda vya Intel ulipozidiwa, kampuni hiyo ilitangaza kuzipa kipaumbele prosesa za Xeon na Core. Uhaba ukaangukia kompyuta za bei ya chini. Januari 2019, Acer na HP zilitangaza Chromebook zenye chipu za AMD.

AMD nayo ilipopata nguvu, ilifuata njia ile ile. Novemba 2020, prosesa ya bei ya chini kabisa kati ya Ryzen 5000 zilizozinduliwa iliuzwa dola 299. Zile za chini ya dola 200 zilisubiriwa hadi Aprili 2022.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Katika biashara hii, mwiba huo ni mnunuzi mwenye mfuko mwembamba.