Nondo za Nyuzi za Kioo: Matumizi na Tahadhari

Nondo za nyuzi za kioo hutengenezwa kwa kuvuta nyuzi zilizoloweshwa gundi maalumu ya plastiki, kisha kuzipasha joto hadi zigande na kuwa fimbo ngumu. Uzito wake ni takriban robo ya uzito wa nondo za chuma zenye unene sawa, na hazishiki kutu. Kwa sababu hiyo zinafaa katika gati, kuta za bahari na madaraja ya pwani, ambako chumvi hula chuma na kupasua zege.

Hata hivyo, nondo hizi hazipaswi kuwekwa mahali pa chuma bila usanifu mpya. Hustahimili mvuto mkubwa, lakini ukakamavu wake ni takriban robo ya ule wa chuma, hivyo boriti inaweza kupinda na kupasuka kupita kiasi. Aidha, haziwezi kukunjwa katika eneo la ujenzi, hupoteza nguvu kwenye moto, na zikizidiwa hukatika ghafla.

Mwaka 2022, Taasisi ya Zege ya Marekani (ACI) ilitoa kanuni za usanifu wa majengo yenye nondo hizo. Mwananchi anayekusudia kuzitumia anapaswa kwanza kupata michoro ya mhandisi aliyesajiliwa.