Draiva ya memori ikae wapi? Linux na Mpanda yetu

Wiki hii ubishi hosteli ni mmoja: draiva ya kifaa cha memori inakaa folda gani kwenye kerneli? Wengi wanajibu haraka, "folda ya memori, basi." Taratibu jamani.

Sisi wa Majengo, Mpanda, swali hili tulishalizoea. Mpanda ilikuwa Mkoa wa Tabora. Mwaka 1974 ukaundwa Mkoa wa Rukwa, tukahamia huko. Mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Katavi, na Mpanda ikawa makao makuu. Ardhi haikusogea hata hatua moja. Kilichobadilika ni shida zetu tunampelekea nani. Kwenye Linux mambo yalikwenda vivyo hivyo.

Linux ina folda kadhaa zinazogusa memori. Ile inayoitwa mm inagawia programu memori. drivers/mtd ni ya flashi. drivers/edac, iliyoingia mwaka 2006 na toleo la 2.6.16, inaripoti makosa ya RAM. Zikabaki kontrola, yaani vifaa vinavyoongoza njia kati ya prosesa na memori. Hizo hazikuwa na kwao. Nyingi zilijibanza ndani ya arch/arm, kila familia ya chipu na kijifolda chake, kama kila ukoo na boma lake.

Mwaka 2011 Linus Torvalds akachoka, akalalamika hadharani kuhusu fujo ya upande wa ARM. Usafi ukaanza. Mwaka 2012, uleule wa Katavi, toleo la 3.5 likaja na folda mpya: drivers/memory. Kati ya wakazi wa kwanza ni draiva ya EMIF ya Texas Instruments na zile za Tegra za NVIDIA.

Kisa kitamu ni cha GPMC, kontrola iliyomo kwenye chipu za OMAP. Ina neno memori kwenye jina lake, na kweli flashi huunganishwa kwake. Sasa kwa nini isipelekwe drivers/mtd? Kwa sababu kwenye bodi nyingine njia zilezile zinabeba chipu ya mtandao. Ukiwakabidhi watu wa flashi, siku mtandao ukigoma nani aulizwe? Mwishoni mwa 2014 Tony Lindgren akaitoa kwenye boma la OMAP, akaipeleka drivers/memory, ikatoka na toleo la 3.19 Februari 2015.

Lakini kufungua folda ni kazi nusu. drivers/memory ilikaa miaka kama 8 bila mtunzaji wa jumla. Draiva nyingi zilipitia kwa watunzaji wa ARM, na marekebisho madogo ya folda nzima yalikosa mwenyewe. Mwaka 2020 ndipo Krzysztof Kozlowski akabeba mzigo huo. Ofisi ilikuwepo, afisa hakuwepo!

Kwa hiyo washkaji mnaoandika draiva za mradi, jina la kifaa lisiwadanganye. Angalieni kinafanya kazi gani na kinawahudumia akina nani, halafu ulizeni: marekebisho yetu yatasomwa na nani, na ikiharibika miaka mitano baadaye nani atajibu? Draiva isiyo na mtu wa kuijibia huoza kimyakimya hata ikiwa kwenye folda yenye jina zuri.

Mwenye hoja tofauti aje nayo. Nawasilisha.