Kipande changu kiko na nani?

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea kuhusu wizi wa utambulisho, na wengi wenu mkauliza swali moja: wanatumiaje jina langu na mimi kadi sijapoteza? Jibu fupi ni kwamba siku hizi mwizi haihitaji kadi yako. Jibu refu ni historia, na kwetu inaanza na bahasha.

Mwaka 2011 mama alipata barua ya kudaiwa. Kampuni moja ilisema hajalipa kadi yake ya mkopo kwa miezi minne. Jamani, mama hajawahi kuwa na kadi ya mkopo. Yeye ni mtu wa pesa taslimu na chama. Kumbe kadi ilikuwa imeombwa kwa jina lake na kutumwa kwenye nyumba yetu ya zamani, Plaistow, ile ya wapangaji wengi na mlango mmoja, ambapo barua za wote zilirundikwa pale mlangoni hadi mtu apite achukue. Aliponipigia simu hakusema ameibiwa. Alisema, "Kwani kipande changu kiko na nani?"

Sisi tunalijua neno kipande kama jina tu la kitambulisho cha Kenya. Babu zetu walijua uzito wake. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi zake. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwajiri ndiye aliyejaza rekodi hiyo, na asipotia sahihi kwamba umeondoka kwa ruhusa, ulikuwa mashakani. Harry Thuku na wenzake waliipinga mwanzoni mwa miaka ya 1920. Jina lilikuwa lako, lakini habari zako aliziandika mtu mwingine, kwa faida yake.

Kadi za mkopo zilikuja Uingereza kwa njia nyingine kabisa, ila swali la mama linabaki palepale. Barclaycard ilianza mwaka 1966, na kadi zaidi ya milioni moja zikatumwa kwa posta, nyingi kwa watu ambao hawakuziomba. Mwaka 1972 ikafuata Access kwa mtindo huohuo. Hebu fikiria kadi hizo zote zikipita kwenye milango kama ule wetu wa Plaistow. Malalamiko yakawa mengi, na Sheria ya Mikopo ya mwaka 1974 ikakataza kumtumia mtu kadi ambayo hakuiomba. Pia iliweka kikomo cha hasara anayoweza kubebeshwa mteja kadi yake ikitumiwa na mwingine. Yaani kwa mara ya kwanza mzigo mkubwa ukahamia kwa mkopeshaji.

Kwa miaka mingi kinga ya kadi ilikuwa sahihi mgongoni mwake, ambayo yeyote angeweza kuigiza. Kuanzia tarehe 14 Februari 2006, chipu na namba ya siri zikachukua nafasi ya sahihi madukani. Wizi haukuisha, ulihama. Ulienda kwenye simu na intaneti, ambako hakuna anayeiona kadi, na kwenye maombi ya kadi mpya kwa jina la mtu mwingine. Huko kinachotakiwa ni jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani.

Sasa tuseme ukweli. Anwani ya mama ilikuwa ya nusu ya ukoo. Kila aliyefika kutoka Mombasa alitumia barua zetu kuonyesha anakaa wapi, maana bila anwani hufungui akaunti. Siwezi kusema mama alikosea. Hadi leo hatujui nani aliomba kadi ile. Mama ana mtu anayemshuku, na hajawahi kulitaja jina lake.

Deni hakulilipa, kwa sababu mkopo ulioombwa na mwingine kwa jina lako bila idhini yako si wako. Lakini kusafisha rekodi kulichukua miezi, na wakati huo alinyimwa hata mkataba wa simu.

Kwa hiyo, msaidie mgeni, lakini barua zako zifunguliwe na wewe. Ukihama, lipia posta ikuhamishie barua, na sahihisha anwani benki na kwenye daftari la wapiga kura. Wakenya, Watanzania na Waganda wanaoishi hapa kihalali wanaruhusiwa kujiandikisha kama raia wa Jumuiya ya Madola. Omba rekodi yako ya mikopo kutoka Experian, Equifax na TransUnion. Ni haki yako na ni bure. Ukishaibiwa, Cifas wanaweza kuweka alama kwenye jina lako kwa miaka miwili, kwa ada, ili wakopeshaji wakague zaidi. Na mtu akikupigia akidai ni benki, kata simu, kisha piga 159.

Kila Januari mimi na mama tunakaa mezani, chai pembeni, tunasoma rekodi yake mstari kwa mstari. Yeye anaita "kukagua kipande".